Garsen: Kila ukuta una mwenyewe

Ukishuka basi katika mji huu wa Mto Tana, kitakachokulaki kwanza ni rangi za makampuni. Ukiingia shuleni, utazikuta zimekutangulia.

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangefufuka leo wakapanda basi la kutoka Mombasa kwenda Garsen, huenda wangeomba nafasi ya kuitazama upya methali yao. Njia nzima wangekuta vyema na vibaya vikijitembeza pamoja: sabuni, soda, simu, mikopo, mbolea, mikutano ya injili, dawa za kienyeji na nyuso za wanasiasa, vyote vikimwita msafiri kutoka kwenye kuta, mapaa, milingoti na migongo ya matatu.

Mpenzi msomaji, Jumapili hii tunakuchukua hadi Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Huenda mji huu unaujua kwa habari za huzuni tu: mafuriko ya El Nino ya 1997 na yale ya 2023, au mapigano ya 2012 yaliyoua zaidi ya watu 100 katika delta ya Tana. Hayo yana siku yake. Leo tunataka uitembelee Garsen kwa jicho jingine, jicho la mtu anayesoma kuta. Ukitaka kujua jinsi matangazo yalivyoenea nchini hata yakaingia katika nyua za shule, usiende Nairobi. Huko yamejaa mno hata macho yameyazoea. Nenda mahali penye kuta chache.

Njiani kwenda Tana

Safari yako itaanza alfajiri mjini Mombasa, kwenye mabasi ya Lamu au matatu za Malindi. Kabla dereva hajatia gia, atapanda mtu aliyevaa koti, mkoba kwapani. Atawaamkua abiria kwa heshima, pengine hata awaombee safari njema, kisha atatoa unga wa mizizi ambao, kwa maelezo yake, hutibu meno, mgongo, tumbo na mikosi. Huyu ndiye mtangazaji wa kale kuliko wote, na ana fadhila moja: unaweza kumwambia hutaki, naye akashuka. Ukuta haushuki.

Utapita Kilifi na kufika Malindi baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 120. Hadi hapo barabara imesheheni mabango ya viwanja vinavyouzwa, saruji, hoteli na shule za kibinafsi. Ukishavuka daraja la Sabaki, kaskazini mwa Malindi, mabango huanza kupungua. Huko Gongoni na Marereni utaona marundo meupe ya chumvi yakimeta juani. Chumvi hiyo huvunwa kwa maji ya bahari na jua la Mwenyezi Mungu, na huenda ndiyo uliyotia kwenye mchuzi wako jana.

Baada ya hapo ni vichaka, ng'ombe, na nyumba moja moja. Hapo ndipo utakapogundua jambo. Karibu kila duka lililo kando ya barabara lina rangi ya kampuni fulani, lakini rangi hiyo aghalabu iko upande mmoja tu, ule unaotazama lami. Kuta nyingine tatu ni udongo au matofali matupu.

Hesabu yake ni nyepesi. Katikati ya jiji, mahali pa kuweka bango hukodishwa kwa fedha nyingi, na bango lenyewe hugombea macho yako na mabango mengine 20. Katika barabara tupu, ukuta mmoja husomwa na kila apitaye, hata asiyetaka, kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Bei ya ukuta huo mara nyingi ni mikebe michache ya rangi. Mwenye duka hufurahi kwamba amepakiwa rangi bure, nayo kampuni hupata bango la miaka mingi. Jina la mwenye duka, kama limeandikwa, huwa dogo pembeni, mfano wa sahihi ya mpangaji katika nyumba ya mwingine.

Endelea na safari. Utapita Kurawa na Tarasaa hadi Minjila, njia panda inayogawa wasafiri: wa Lamu hushika njia yao, na wa Garsen, Hola na Garissa yao. Kutoka Malindi umekwenda kilomita zipatazo 110. Umefika.

Mji wa mto

Garsen si mji mkubwa. Kuna soko, misikiti, makanisa, maduka ya jumla, vibanda vya wakala wa pesa kwa simu na vijana wa bodaboda waliojikinga jua chini ya miti. Joto lake halina utani, kwa hivyo vaa nguo nyepesi na ubebe maji. Ukikutana na wazee, waamkue kwanza kabla ya kuuliza njia. Wenyeji wa huku bado wanajali salamu.

Fahari ya mahali hapa ni Mto Tana, ambao Wapokomo huuita Tsana. Ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Unaanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unateremka hadi Garissa, unapita Hola na Garsen, kisha unamwaga maji yake katika Bahari Hindi huko Kipini. Wapokomo hulima mpunga, ndizi, mahindi na maembe kwenye kingo zake. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na huleta mifugo yao kunywa maji kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Juu kidogo ya mto kuna hifadhi iliyoanzishwa 1976 kuwalinda mbega wekundu na nyani aina ya mangabey, ambao hawapatikani porini kwingine kokote duniani. Delta yenyewe, pamoja na ndege wake wasiohesabika, iliwekwa mwaka wa 2012 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Ingia sokoni sasa. Watazame akina mama wanaouza maziwa kwa vibuyu na madumu. Hakuna kibao hata kimoja. Mnunuzi hujua maziwa ya nani hayatiwi maji, na habari hiyo imemfikia kupitia kwa jirani au shemeji. Vivyo hivyo kwa maembe, ndizi na samaki wa mtoni. Mwenye kuuza kibovu leo, kesho hana mteja. Hapa methali ya wahenga bado ina nguvu, na ndilo soko la namna hii lililoizaa.

Hatua chache kutoka hapo, duka lenye bidhaa zilizosafiri mamia ya kilomita haliwezi kutegemea jirani wala shemeji. Aliyetengeneza sabuni hamjui mama wa Garsen, na mama hamjui yeye. Kati yao pamewekwa tangazo. Hiyo ndiyo kazi halali ya tangazo, na haifai kuibeza. Swali la makala haya ni linapofaa kukoma.

Kutoka gari la sinema hadi rangi ya simu

Wasomaji wenye umri wa makamo watalikumbuka gari la sinema. Lilifika jioni na bomba la sauti juu ya paa, watoto wakalikimbilia, shuka jeupe likatundikwa uwanjani. Kati ya filamu moja na nyingine paliingizwa sabuni, mafuta ya kupikia na vinywaji. Lilikuwa tangazo kama mengine, lakini usiku ukiisha lilikunja shuka lake na kwenda zake.

Simu za mkono ndizo zilizoleta tangazo lisiloondoka. Tuchukue mfano wa kampuni moja ambayo historia yake iko wazi. Ilianza 2000 kwa jina la Kencell. Mwaka wa 2004 ikawa Celtel, 2008 ikawa Zain, na 2010 ikawa Airtel. Kila jina lilikuja na rangi zake. Duka lililojitolea tangu mwanzo lingeweza kubadilishwa sura mara nne katika miaka 10, na mwenyewe hakuchagua hata rangi moja. Upande wa pili Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa Machi 2007, na mawakala wake wakaeneza kijani kibichi hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona benki. Huduma hiyo imewafaa watu, hakuna anayebisha. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kudhani kwamba nyumba za njiani huzaliwa zikiwa za kijani au nyekundu.

Zaidi ya kuta, matangazo yamehamia kwenye ndimi zetu. Sokoni utasikia mtu akinunua mahindi kwa kasuku. Kipimo hicho kimeitwa kwa jina la mkebe wa mafuta ya kupikia. Mtoto akitumwa dukani anaambiwa alete Omo, naye mwenye duka humpa sabuni ya unga yoyote iliyopo. Dawa ya meno ni Colgate hata ikiwa imetengenezwa na mshindani wake. Makampuni mengine duniani hutumia mabilioni kutafuta ushindi wa namna hiyo, nasi tumewapa bure kwa kusema tu.

Kisha kuna matangazo ya huruma. Tana River ni kaunti inayopigwa na ukame na mafuriko kwa zamu, na kila msaada huja na jina. Utaona gunia la chakula cha msaada limegeuzwa mkeka, turubai lenye nembo ya shirika limeezekwa juu ya kibanda, na mkebe wa mafuta ulioandikwa kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani umekuwa ndoo. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisitisha kazi zake rasmi Julai 2025. Mikebe, magunia na vibao vyake vingali vipo kote kaskazini na pwani ya Kenya, vikiwa matangazo ya duka lililofungwa.

Ndani ya lango la shule

Sasa tuingie mahali ambapo mzazi anapaswa kuvua miwani ya jua na kutazama vizuri. Shule nyingi za mashambani, za Tana River zikiwemo, husomeka kama gazeti. Langoni pameandikwa jina la mbunge na hazina ya ustawi wa maeneo bunge, CDF. Tangi la maji lina nembo ya benki. Darasa lina kibao cha shirika la kigeni. Choo kina jina la mradi. Madawati yana herufi zilizopigwa kwa rangi kwenye kila ubao. Siku ya michezo watoto huvaa jezi za kinywaji, na siku ya kufundishwa usafi hurudi nyumbani wakiimba kibwagizo cha sabuni.

Jambo hili halikuanza leo. Kuanzia 1979 watoto wa shule za msingi nchini walipewa maziwa ya bure, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo kwa kaulimbiu ya Rais Daniel arap Moi. Wengi wetu tuliyanywa kwa furaha, na lishe yake ilikuwa ya kweli. Lakini maziwa yalitoka kwa ng'ombe wa wakulima na fedha za walipa kodi. Kilichokuwa cha Nyayo ni jina tu, na jina ndilo lililokaa kichwani.

Hebu tufuate shilingi moja. Yule mama wa maziwa wa Garsen, akinunua muda wa maongezi, hulipa ushuru ulio ndani ya bei. Ushuru huo huingia katika mfuko wa taifa. Sehemu yake hurudi katika eneo bunge kupitia CDF, iliyoanzishwa 2003. Fedha hizo hununua dawati. Dawati hupigwa rangi, kisha huandikwa jina la mheshimiwa. Mtoto wa mama yule yule hukalia dawati hilo miaka minane au zaidi akiamini kwamba mheshimiwa ndiye aliyempa. Siku ya kukabidhi madawati, mama huyo huitwa kupiga makofi. Amenunua dawati na shukrani akazitoa yeye pia.

Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Haki haina mfadhili. Inapoandikwa jina la mtu, mtoto hujifunza somo ambalo halimo katika silabasi: kwamba kila kilicho chema maishani ni hisani ya mkubwa fulani, na hisani hulipwa kwa utiifu, kwa kura au kwa kununua.

Tazama tofauti na vitabu ambavyo serikali imekuwa ikivipeleka moja kwa moja shuleni tangu 2018. Vimeandikwa kwamba ni mali ya serikali na haviuzwi. Mtoto akisoma maneno hayo hujua kuwa kitabu ni cha wote na amekiazima tu kwa niaba ya atakayemfuata.

Mwalimu mkuu hana pa kukimbilia

Kuwalaumu walimu si haki. Fikiria wewe ni mwalimu mkuu katika kijiji cha delta. Mafuriko yamechukua paa, au jua limekausha kisima. Anakuja mgeni mwenye tangi la lita 10,000 na masharti mawili: nembo ionekane kutoka barabarani, na watoto wapange mstari wapigwe picha. Utamwambia arudi nalo? Mwenye kiu hachagui kikombe.

Ndiyo sababu ulinzi hauwezi kuachiwa mtu mmoja. Shule ya jijini yenye kamati ya wazazi mawakili na wahasibu inaweza kukaa mezani na kuweka masharti yake. Shule yenye uhitaji zaidi ndiyo yenye sauti ndogo zaidi, na watangazaji wanalijua hilo.

Na hapa tuwe waadilifu. Si kila kibao ni tangazo. Kibao kinachosema mradi umegharimu kiasi gani, mkandarasi ni nani, ulianza lini na utakwisha lini ni haki ya mwananchi, na kinaweza kuzuia wizi. Ukifika shuleni, jiulize maswali matatu. Je, maandishi haya yananisaidia kudai hesabu, au yananitaka nishukuru? Je, yanamlenga mzazi anayelipa, au mtoto asiyeweza kupima? Je, yataondolewa lini? Kibao cha hesabu hujibu maswali hayo vizuri. Tangazo hubabaika.

Swali la pili lina uzito wake. Mtoto mdogo hajui kutofautisha somo na biashara, hasa maneno yanapotoka mahali pale pale anapofundishwa kwamba mbili na mbili ni nne. Mwalimu akisimama kando ya nembo, nembo huazima heshima ya mwalimu. Hiyo ndiyo bidhaa hasa inayonunuliwa kwa jezi na kofia za bure.

Waliosema basi

Je, jambo hili lina dawa? Ipo, na sehemu yake tumekwisha kuionja. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 iliyaondoa matangazo ya sigara ambayo zamani yalipamba maduka na michezo yetu. Sheria ya vileo ya 2010 ilizuia vilabu vya pombe kupewa leseni karibu na shule, chini ya mita 300. Sheria ya 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama ilikataza kuyanadi maziwa ya kopo kwa wazazi wa watoto wachanga. Kuhusu kamari, bodi ya leseni ilijaribu kupiga marufuku mabango ya barabarani 2019 na jambo hilo likaishia kortini. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais akatia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari.

Utaona kwamba tumekuwa tukifukuza nyoka mmoja mmoja. Kila bidhaa ilipodhihirika kuwa na madhara, iliondolewa kivyake. Ukuta wa shule wenyewe haujapata mlinzi anayejulikana na kila mzazi.

Wamarekani walikwisha pitia njia hii. Mwaka wa 1990 kampuni iitwayo Channel One ilianza kuzipa shule za huko runinga na mitambo bila malipo. Kwa upande wao shule ziliahidi kuwaonyesha wanafunzi kipindi cha habari cha dakika 12 kila siku, na dakika mbili kati ya hizo zilikuwa za matangazo ya biashara. Mtoto hakuweza kuzima wala kutoka, kwa sababu yuko darasani. Wazazi na walimu wengi walilalamika mwaka baada ya mwaka, na kipindi hicho kikafa 2018. Angalia kwamba ni tangi lile lile la Tana, ila huko liliitwa runinga.

Mji wa São Paulo nchini Brazil ulikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mji safi ilianza kutumika Januari 1, 2007, na mabango yakateremshwa kwa maelfu. Wafanyabiashara walitabiri kilio. Mji haukufa. Nyuma ya mabango yaliyoondolewa wakazi waliona majengo mazuri ya kale, na pia mitaa ya maskini ambayo ilikuwa imefichwa. Garsen nayo ikivuliwa rangi zake, kuna kuta zitakazoonyesha nyufa na alama ya mahali maji ya mafuriko yalipofikia. Pengine afadhali tuzione.

Karibu na nyumbani, serikali ya kaunti ya Mombasa iliamuru 2018 kwamba majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Watu walinung'unika kuhusu gharama, lakini ilidhihirika kwamba kaunti inaweza kusema neno kuhusu kuta zake. Wala haihitaji ruhusa ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje, sawa na zilivyopewa kudhibiti kelele na uchafuzi wa hewa. Ni jambo la maana kwamba waandishi wa Katiba waliyaweka pamoja. Bunge la kaunti huko Hola linaweza kuamua kwamba nyua za shule za Tana River ni mahali pasipouzwa, kama vile linavyoweza kutoza ada ya mabango. Kishawishi kipo hapo: ada huleta mapato, utulivu hauleti. Wenyeji wasipodai utulivu, ada itashinda.

Zawadi zisizo na nembo

Kabla hujaondoka Garsen, nenda ukasimame kando ya mto, mbali kidogo na ukingo kwa sababu ya mamba. Tazama maji yake ya rangi ya udongo, kisha ufikirie yametoka wapi na yametenda nini njiani.

Huko juu mto huu umezungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa miongo mingi mabwawa hayo yamekuwa nguzo ya umeme wa taifa. Mabango yanayowaka usiku kucha Nairobi yamewashwa kwa sehemu na maji ya Tana. Bwawa la Ndakaini, linalolipatia jiji la Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, liko kwenye Mto Thika, na Thika ni kijito cha Tana. Umeoga leo asubuhi mjini Nairobi? Basi umeoga zawadi ya mto huu. Hukuona kibao bafuni.

Na kuna kubwa zaidi. Kenya ilipokaribia uhuru 1963, wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, walipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Muziki wake waliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Mama wa Tana alikuwa akimlaza mwanawe kwa sauti hiyo kandokando ya mto huu kabla haijawa ya taifa zima. Tangu Desemba 12, 1963, kila bendera inapopandishwa shuleni, kutoka Lamu hadi Busia, watoto husimama wima na kuimba sauti iliyotoka Tana. Hakuna anayetakiwa kutaja mfadhili.

Eneo hili limezipa shule zote za nchi kitu kikubwa kuliko tangi na dawati, na halikuandika jina lake juu yake. Shule zake zenyewe ndizo zisizoweza kupokea debe la rangi bila ya kuandikwa.

Basi, msomaji, tunakuachia kazi ndogo ya familia. Kesho watoto wakienda shule, watembee na daftari moja. Wahesabu majina yote ya biashara na ya watu wakubwa kuanzia mlango wa nyumba yenu hadi mlango wa darasa, na wayagawe mafungu mawili: yaliyo barabarani, na yaliyo ndani ya ua wa shule. Jioni hesabuni pamoja mezani. Fungu la pili likiwa na zaidi ya jina la shule yenyewe, peleka daftari hilo kwenye mkutano ujao wa wazazi na uulize, kwa upole, kila jina liliingia kwa ruhusa ya nani, kwa muda gani, na shule ilipata nini. Mzazi wa Garsen ana haki ya kuuliza vivyo hivyo, na akiuliza peke yake hatasikika. Uliza na wewe.

Nauli ya Garsen haimshindi mtu wa kipato cha kawaida akijipanga. Msimu wa maembe ni mzuri kwa safari, mvua kubwa isikukute huko, na ulizia hali ya barabara kabla ya kuondoka. Ukirudi, waletee watoto maembe. Hayana karatasi iliyobandikwa, lakini watajua wenyewe kwamba ni matamu.